Miaka Miwili Niliyomwongezea Mjukuu

Jumatatu, 3 Machi

Wewe kijana wa serikali, kama hukusoma faili, ungebaki nyumbani ufue soksi. Mjukuu wangu kasimama mahakamani tangu saa tatu. Kaeleza yote mbele ya yule mwalimu wa tuisheni aliyemwingilia, hakuyumba. Halafu wakili wa mwalimu — namwita Miwani, anaishusha puani kama anatafuta chawa — akatoa karatasi ya shule. Eti siku ile mtoto alikuwa na miaka kumi na minane. Mtu mzima. Wapenzi wamegombana, basi.

Kijana wa serikali akapekua faili, akapekua. Hana hata kikaratasi cha umri. Mwendesha mashtaka gani huyo? Hakimu kampa wiki moja. Umri usipothibitishwa, mwalimu anakwenda zake.

Mtoto alikuwa na kumi na sita. Mimi ndiye niliyempakata wa kwanza.

Jumanne, 4 Machi

Binti yangu kauliza, Mama, shule waliipata wapi hiyo tarehe? Nikamwambia makarani wa shule walevi.

Alhamisi, 6 Machi

Kliniki. Muuguzi anatafuna ubani, hana haraka na mtu. Bibi, vitabu vya zamani vimeliwa na panya. Nikamwambia nionyeshe walichobakiza. Nikakalia ndoo stoo asubuhi nzima, vumbi mpaka kwenye meno. Kipo. Jina la binti yangu, mtoto wa kike, kilo tatu kasoro, siku, mwezi, mwaka. Ubani ukasimama. Mkuu wa kliniki atakileta mahakamani mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Kijana wa serikali kafurahi kama kakitafuta yeye. Kisha akakuna kichwa. Bibi, vitabu viwili, miaka miwili tofauti. Miwani atauliza nani aliwadanganya shule.

Nikatazama kalenda yake ya mwaka juzi. Mwisho nikasema. Mtoto alikuwa na miaka mitano, anasoma mpaka magazeti ya kufungia sabuni. Mwalimu mkuu anataka saba ndipo amwandikishe. Nikamkazia macho, nikamwambia saba.

Basi utayasema hayo chini ya kiapo, akasema, na Miwani atakuita mwongo mbele ya watu.

Mimi. Niliyeachana na shoga yangu wa miaka ishirini kwa kunidanganya juu ya sufuria.

Jumapili, 9 Machi

Binti yangu ana akili za kuku. Mama, sema karani alikosea, nani atajua? Nikamwambia Miwani anaomba hilo hilo, nimwongezee uongo wa pili aushike mkia.

Mtoto alikuwa anaosha vyombo. Akauliza bila kugeuka: Bibi, kwani pale mahakamani waliniamini?

Nikamgombeza kwa kumaliza sabuni.

Jumatatu, 10 Machi

Benchi la korido, mahakamani. Miwani kapita, shikamoo Bibi, kainama kabisa. Mnafiki. Mkuu wa kliniki yuko ndani na kitabu chake. Baada yake mimi.

Binti yangu kamshika mtoto mkono, anataka kumrudisha nyumbani, eti asisikie bibi yake akiaibishwa. Nani kakutuma? Mwache. Mwingize ndani, mkalishe mbele ninapomwona. Asikie mwenyewe kwamba nyumbani kwetu aliyedanganya ni mmoja, na si yeye.