Taa ya Matanga Juu ya Maji

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Samaki wengine wawili wamekufa. Mama ndiye aliyesema, kwa simu, saa sita na dakika arobaini. Nikatoka chumba cha habari nikaenda kwake Rwezamenyo.

Clovis, kaka yangu, aliacha samaki tisa, wote rangi ya chungwa. Wamebaki watano. Maji ya tangi yamekuwa kama ya sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa; ukiweka mkono nyuma ya kioo huuoni. Mwani umeshika kila kitu — mawe, bomba la pampu, kioo.

Tangu mazishi Mama anakula pamoja nao. Anawatupia kidogo, ndipo anachukua kijiko. Wasipokula, anarudisha sahani. Dawa yake ya presha hainywewi tumbo tupu. Uzito mwezi wa saba: kilo 54. Leo: 47. Muuguzi Ingabire alimpima mbele yangu.

Jumanne, 9 Septemba

Duka la Viateur, karibu na njia panda ya Sonatubes. Yeye ndiye aliyemuuzia Clovis tangi. Hakunipa pole ndefu. Aliuliza: taa inawaka saa ngapi kwa siku? Chakula mara ngapi? Maji yalibadilishwa lini? Nilimweleza rangi ya maji tu, maswali nikayaandika kwenye daftari. Miaka kumi na tisa nauliza watu maswali ya aina hii.

— Dada, wewe haiko unafuga samaki. Unalima majani.

Jumatano, 10 Septemba

Nimeuliza watu sita kuhusu taa. Majibu yanalingana.

Clovis alikufa Jumamosi, 16 Agosti. Nyumba ya matanga inatakiwa iwe na moto, usizime hadi siku ya kuyaondoa. Mwenye nyumba alikataa moto uani — ua ni mwembamba, kuna nguo za majirani. Mtu mmoja akasema basi taa ya tangi ikae badala ya moto. Ikawashwa, na waombolezaji wakaketi mbele yake. Kila aliyeingia aliwatupia samaki kipande cha mkate au andazi, kama anayesalimia. Matanga yaliondolewa tarehe 24. Taa haikuzimwa. Mama hakuruhusu.

Siku ishirini na tano, mchana na usiku. Mwanga mwingi, mabaki mengi — mwani hauhitaji kingine.

Mtu aliyesema taa ikae badala ya moto ni mimi.

Alhamisi, 11 Septemba

Juzi Viateur aliagiza hivi: theluthi moja ya maji itolewe, maji mapya ya bomba yakae kwenye ndoo siku nzima kwanza, klorini itoke. Kioo kikwanguliwe. Kisha giza siku tatu kamili, tangi lifunikwe, bila chakula. Baadaye taa saa sita kwa siku, basi.

Maji ya ndoo niliyakinga jana; leo nilibadilisha, nikakwangua kioo kwa kadi ya kazi ya Clovis. Picha yake imefutika upande mmoja.

Mama mdogo Gahongayire alisimama mlangoni akasema marehemu siku zote alitaka shamba, sasa analo sebuleni. Mama alicheka kidogo. Mara ya kwanza tangu Agosti.

Nilipoleta shuka jeusi aliacha kucheka.

— Mlimfunika yeye. Sasa mnafunika na hawa.

— Ni siku tatu, Mama. Wanaugua.

— Ulisema huu ni moto wake.

— Matanga tuliyaondoa, Mama.

— Uliyaondoa wewe, Alida.

Halafu Mama akainuka, akazima taa mwenyewe, akafunika tangi kwa kitenge chake. Saa kumi kamili. Samaki watano, wote wakipumua. Nilihesabu.

Ijumaa, 12 Septemba

Mama hajala tangu jana saa kumi. Nilimletea ndizi na maharage.

— Wao wanafunga. Na mimi nafunga.

Nilipaswa kuliona hili. Nilimuuliza Viateur kila kitu kuhusu maji, sikumwambia kwamba kuna mtu anayekula nao.

Nimempigia. Nikifunua leo? Akasema mwani utarudi wote, na hao waliochoka hawatahimili mara ya pili.

Presha ya Mama saa tisa: 178 kwa 104. Dawa hakunywa.

Jumamosi, 13 Septemba

Chai nusu kikombe. Dawa hapana.

Saa mbili asubuhi kitu kilipiga maji mara moja chini ya kitenge. Mama aliinua kichwa. Tangu hapo, kimya. Saa nane harufu ilianza. Nimeinama karibu na kitenge mara mbili kuhakikisha. Mama amefungua dirisha.

Ingabire amesema: asipokula kesho jioni, alazwe.

Viateur alipiga mwenyewe; nilimweleza harufu. Anao watano rangi ile ile, anaweza kuniwekea. Nilimwambia kwamba Mama anamjua mmoja kwa hakika, mwenye doa jeupe mkiani. Akaenda kutazama, akarudi kwenye simu: anaye mwenye doa, lakini la upande wa kushoto.

La samaki wa Clovis liko kulia.

Sijawahi kubadilisha ushahidi wa mtu. Nilimwambia aweke.

Kesho: duka linafunguliwa saa tatu. Mama mdogo anamchukua Mama kwa teksi kwenda misa ya saa nne. Watarudi saa sita. Ufunguo wa nyumba ninao. Kitenge kinaondolewa saa kumi, na Mama amesema atakiondoa yeye.