Maji Nusu Tangi

Alhamisi. Jua limezama lakini joto limekataa kuondoka. Hapa mtaani Waberi hata ukuta ukiuegemea unakuchoma mgongo, na mimi leo sijaegemea kitu, sijakaa, sijala la maana. Nimezunguka uani tangu nitoke shuleni, mpaka mama yangu, hooyo, akaniuliza kama nimemeza nge.

Sijameza nge. Nilimwambia ndugu yangu afanye jambo, na amelifanya.

Nianze jana. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya wasichana, na kidato cha tatu tuko kwenye mawimbi. Vifaa vya maabara yetu ni vya kuhurumia, kwa hiyo nilibeba karai la kufulia kutoka nyumbani, nikalitia maji nusu, nikaliweka mezani. Nikamwambia Hafsa alisukume kidogo, aache, asubiri maji yarudi, ndipo asukume tena.

"Mwalimu, hii ni fizikia ama ni kufua?"

Darasa zima likaangua kicheko. Hafsa ana mdomo, lakini pia ana mkono mzuri. Alisukuma kwa kidole tu, nguvu ile ile, hakuongeza hata chembe. Ila aliyavizia maji: yakirudi upande wake, anasukuma. Mawimbi ya kwanza yalikuwa madogo, ya kuchekesha. Yakapanda, yakazidi kupanda, mpaka yakaruka nje na kumlowesha sare. Nikawaeleza kwamba kila kinachobembea kina mwendo wake, na ukikisukuma kwa mwendo huo huo, nguvu ndogo ndogo zinajumlishana hadi kidole kinashinda karai. Kisha nikawapa chupa mbili za plastiki, moja imejaa hadi kifunikoni, nyingine nusu, wazilaze na kuzitikisa. Iliyojaa ni nzito tu. Ya nusu inakuchezea mkononi, inataka kukuponyoka.

Hapo nikalikumbuka lori la ndugu yangu.

Mdogo wangu Abdinoor anaendesha lori la maji kutoka Wajir kwenda Buna, maana ukame umekausha kila kitu huko juu. Juzi juzi alinipigia simu akicheka, akasema lori lake lina jini. Likitoka Wajir limetulia, likifika katikati ya safari linaanza kuyumba lenyewe, kama kuna mtu ndani ya tangi anasukuma. Siku moja magurudumu ya upande mmoja yaliinuka kabisa. Na mimi, mwalimu mzima, nikacheka naye! Nikamwambia asome Ayatul Kursi kabla ya kuwasha injini.

Hakuna jini. Ni maji.

Abdinoor anaondoka na tangi limejaa, lakini njiani familia za wafugaji zimepanga mitungi yao ya njano kando ya barabara, na dereva wa maji anayeipita mitungi mitupu bila kusimama, watu watauliza amezaliwa na nani. Kwa hiyo anasimama, anagawa, anaendelea, anasimama tena. Kufika katikati ya njia, tangi ni nusu. Na tangi lenyewe ni pipa moja refu, halina kuta ndani za kuyavunja maji yakija. Halafu kuna mashimo. Abdinoor anayakwepa kulia, kushoto, kulia, kushoto, na kila akikata usukani anayapa maji msukumo mwingine, saa ile ile yanapoutaka.

Wallahi nilishindwa kumaliza kipindi.

Jana jioni nilimpigia, hapatikani. Nikamtumia ujumbe wa sauti. Nilimweleza habari ya karai, kisha nikamwambia kwa ule ukali wa dada mkubwa: "Kesho usisimame. Usimpe mtu hata tone. Fika Buna na tangi limejaa, la sivyo tutakuja kukuzika."

Hooyo alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akasema, "Wewe nilikubeba mgongoni kwenye barabara hiyo hiyo, mtungi mkononi. Dereva aliyesimama kutupa maji hatukumjua hata jina." Akaingia ndani. Lile la nge ndilo neno refu aliloniambia tangu hapo.

Nilikasirika. Nikajisemea huruma ni rahisi ukiwa si wewe uliyeshika usukani. Lakini aliyeshika usukani ni mwanawe, na mwanamke yule anaogopa kama mimi, tena kunizidi. Hilo lilinikera zaidi.

Leo nimefundisha sijui nini. Simu ilikuwa mfukoni, naigusa, naiacha. Ujumbe ulionyesha ameusikiliza asubuhi kabla ya kuondoka, na baada ya hapo kimya, maana katikati huko hakuna mtandao wa kutegemea. Nikamwona akilini amepinduka lagani, kwenye ule mchanga wa mto mkavu. Nikamwona ameshuka anagawa maji, hakunisikiliza. Sikujua nilikuwa naomba lipi lisiwe.

Mara tu baada ya Maghrib akapiga. Alhamdulillahi.

"Nimefika, abaayo, dada yangu. Tangi limejaa. Halikuyumba hata kidogo, ulisema kweli."

Nilipaswa kupiga vigelegele. Lakini sauti ya Abdinoor naijua, na hii ilikuwa kavu. Nikamuuliza kuna nini. Akasema kulikuwa na mama mmoja aliyesimama katikati ya barabara na mtungi wake. "Nikapiga honi, akaruka pembeni. Nikamtazama kwenye kioo. Hakutukana, hakuokota jiwe. Aliketi tu chini."

Akakata simu.

Ndugu yangu yuko hai. Nilichokitaka nimekipata. Mbona basi siwezi kukaa?

Nikaendelea kuzunguka uani, safari hii nikifikiri, maana jana nilikuwa naogopa tu. Zile kuta ambazo tangi halina, kazi yake ni nini hasa? Ni kuyagawa maji vipande vidogo yasipate nafasi ya kujikusanya. Ewe mwanamke mwenye shahada, mtungi uliojaa hadi mdomoni ukafungwa kifuniko, je, si chupa ile iliyojaa ya darasani? Maji ya kugawa njiani yapakiwe Wajir kwenye mitungi, ifungwe kwa kamba nyuma ya kabini, chini, isicheze. Anayeomba apewe uliojaa, aache mtupu wake. Tangi lisifunguliwe mpaka Buna. Jambo dogo hivi, nami nilikimbilia kumwambia awapite watu.

Nikampigia tena. Nikamwambia asisubiri mpaka arudi Wajir, aanze huko huko Buna: aazime mitungi, aijaze kabla watu hawajamaliza kumimina tangi, na kesho arudi nayo njiani. Akaniuliza maswali ya kidereva, kamba, uzito, wapi ikae. Sauti ikaanza kurudi kuwa yake.

Halafu akauliza, "Na kama yule mama hayupo tena pale?"

Hilo halimo kwenye fizikia yangu. Nikamwambia asimame tu. Azime injini, apige honi, amngoje.