Bundi wa Saa Nne Asubuhi

Dada Neema, hamjambo hapo nyumbani? Ile simu niliyokupigia jana nikihema, kukuuliza nani kafa, sababu yake ni hii. Saa nne asubuhi, jua kali la Nanyamba, bundi mdogo kama ngumi yangu akatua kwenye mkorosho. Bundi, mchana kweupe! Nikamzunguka kwa nyuma nimtupie jiwe, nikakuta macho mawili kisogoni yananikodolea. Nilipiga yowe! Mwenyeji wangu Mama Salima, mwalimu wa baiolojia, alicheka mpaka akakaa chini. “Hayo ni manyoya tu, kaka. Ni bundi kamili, ila jamii yake huwinda hata mchana.” Mwambie Mama asilie tena. Aliyekufa ni panzi, nilimwona akimezwa.

Nawakumbuka mno,
Josefu