Gauni la Maua Makubwa

Dada yangu,

Huku wazima, ila mimi niko hoi bin taabani. Bomba la jikoni bado linavuja. Kesho naonyesha vitambaa vyangu kwenye kampuni ya nguo, na leo nimekuta Mama amevikata vyote, vile nilivyovichora na kuvipiga chapa kwa mkono, akashona gauni la mtoto. Mshono wenyewe safi, huwezi kuutia kasoro. Nilitaka kupiga kelele. Akanitazama kwa upole, kama anayemtazama mgeni, akasema, "Karibu, bibie. Mwanangu mdogo akitoka shule, nisaidie kumjaribishia. Anapenda sana maua makubwa."

Nikakaa, nikamshikia uzi.

Kesho nitapeleka gauni hilohilo, sina kingine. Wewe njoo, Dada, usingoje likizo.

Mdogo wako,
mwenye gauni