Siku ya Kutoa Damu

Jumanne, 14 Julai

Kitindamimba wangu,

Huku sina homa wala kikohozi. Nyanya za uani zimeiva. Nimewagawia majirani mpaka wameanza kunikwepa.

Jana nilikwenda kutoa damu kama kawaida. Unajua nilivyoanza: ulipozaliwa, mama yako aliongezewa chupa nne za damu kutoka kwa watu tusiowajua. Nikasema nchi yenye watu kama hao nitaitumikia kwa mkono huu. Shajara inaonyesha nimetoa mara tisini na moja.

Nesi alitazama kitambulisho changu, akatabasamu.

"Baba, umetimiza miaka sitini na mitano. Basi sasa, pumzika."

"Kwani damu yangu imechacha?"

"Haijachacha, imestaafu!"

Akanipa soda ya wachangiaji hata hivyo. Niliinywa taratibu mpaka wakafunga.

Silalamiki, sheria ni sheria. Ila tangu tumzike mama yako, nesi yule ndiye mtu pekee aliyekuwa akinishika mkono, kila baada ya miezi mitatu.

Najua kazi zimekubana. Lakini likizo hii usinitumie salamu, mwanangu. Njoo.

Ni mimi baba yako