Masega ya Mzinga wa Tatu

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini mshono wa tumbo umeanza kukauka, na kwamba uji wa hospitali unaunywa bila kununa. Huku hatujambo. Mama anakusalimu; goti linamsumbua, ila ulimi wake ni mzima kabisa.

Barua iliyopita nilikuandikia kuwa nyuki wako wote wazima. Haikuwa kweli. Mzinga wa tatu ulikuwa umeshakufa, nami niliogopa kukwambia ukiwa kitandani.

Baadaye madoa ya kahawia yakatokea kwenye milango ya mizinga mingine, kama mtu kamwaga chai. Nyuki wakawa wanatambaa kwenye nyasi, matumbo yamevimba, hawawezi kuruka. Nikamwita mtaalamu wa nyuki. Alichukua wachache, akaponda matumbo yao kwenye maji kidogo, akaniambia nichungulie kwenye hadubini. Niliona vijidudu vyeupe vingi, kama punje za mchele. Alisema vinakaa kwenye utumbo, nyuki anakula lakini chakula hakimfai kitu.

Nilipomwuliza dawa, alisema ya kutegemea hana, ila lishe nzuri huenda ikawapa nguvu ya kupambana: sukari nyeupe iliyochemshwa na majani ya kiungo cha thaimu, isiachwe ikachacha, pamoja na keki ndogo za chavua safi juu ya masega. Nawapikia kila baada ya siku mbili. Mama anasema hata yeye sijawahi kumpikia kwa moyo hivyo. Lakini kila nikifunua kifuniko nahesabu waliokufa kwanza. Kati ya mizinga kumi na miwili imebaki mitano, pamoja na ule wa bluu aliotuachia baba.

Mtaalamu aliniuliza walikuwa wanakula nini kabla ya kuugua. Nilimjibu maua. Nilimdanganya, kaka. Jua lilipokausha maua, niliona uchungu kununua sukari ilhali mzinga wa tatu umeacha masega mazito ya asali. Nikajiambia chakula cha nyuki ni asali. Nikayagawa masega yale, moja moja, kila mzinga. Ulishanikataza siku ile tunapaka mizinga rangi, kwamba asali ya mzinga uliokufa haipewi walio hai. Nilikusikia vizuri. Nilidhani unaibania asali tu. Ugonjwa niliusambaza mimi, nimevaa glavu zako.

Ule wa bluu nao niliupa. Kila asubuhi nautegea sikio. Jana ulivuma kidogo. Leo sijasikia kitu. Bado sijaufungua, naogopa mno. Nimeamua kukuandikia kwanza na kumpa mama barua hii aipeleke posta, maana najijua: nikiwakuta hai, nitanyamaza.

Upone haraka. Daktari akikukataza kukasirika, tafadhali mtii.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekwisha vaa glavu.