Simbilisi Chini ya Paa la Mama

Jumatano, 3 Julai
Alfajiri kipimajoto kilisoma nyuzi kumi na tatu. Zile chupa za maji ya moto nilizovika soksi zilikuwa zimeshapoa. Spika na Mhariri, simbilisi wangu wawili, wamejibana kwenye kona ya kizimba, manyoya yamesimama. Niliwawekea mchicha. Mhariri alikula. Spika alinusa tu.

Spika ana mimba. Nikimpakata nasikia watoto wanacheza tumboni. Sitaki afe kwa upepo huu wa Ihanja.

Jirani yangu Mama Neema alikuja kurudisha ungo, akauliza kama kawaida yake nitawala lini. Nikamjibu simbilisi wangu si kitoweo. Akasema ameona mengi, lakini panya wanene wasio na mkia kulala kwenye blanketi wakati mume wake analala na khanga, hilo bado. Nikamwambia hiyo kesi ni ya mume wake. Tulicheka sana.

Ijumaa, 5 Julai
Mchana ni mateso mengine. Saa nane, chini ya bati, nyuzi thelathini na tatu. Spika kalala ubavu, anahema. Nimetandika khanga mbichi juu ya kizimba.

Kitabu cha ufugaji kinasema wanataka nyuzi kumi na nane hadi ishirini na nne, na kwamba joto huwaua upesi kuliko baridi. Sawa. Kisha kinashauri niweke chombo cha kupasha joto na kingine cha kupooza hewa. Mwandishi huyu hajawahi kununua umeme kwa fedha yake. Nimekifunga kwa hasira.

Nyumba yangu ni ya tofali za kuchoma na bati, haina dari. Niliijenga kwa kuandika magazetini, naipenda. Usiku ni friji, mchana ni tanuri. Nilikuwa sijaliona hilo mpaka nilipoanza kuwapimia wengine.

Jumatatu, 8 Julai
Balbu ya zamani, ile ya waya unaowaka, ilisaidia usiku mmoja. Leo alfajiri umeme umekatika, kizimba baridi, na uniti za LUKU zimeliwa kama karanga. Fundi wa dari alinitajia bei. Nikamuuliza kama hiyo ni dari au mahari. Kaondoka amenuna.

Mama Neema anashauri jiko la mkaa. Hapana. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua mtu mzima, sembuse kiumbe wa kujaa viganja viwili.

Nimechana magazeti ya zamani yawe matandiko. Mhariri alianza kutafuna makala ya yule bwana wa Dodoma anayesifia nyumba za tembe, kuta za udongo na paa la udongo, bila kuwahi kulala ndani yake. Simbilisi mwenye msimamo.

Alhamisi, 11 Julai
Elia kapiga simu. Ni mdogo wangu, anauza alizeti Singida mjini. Jumamosi ya wiki ijayo analeta watu wabomoe tembe la Mama lililo nyuma ya nyumba yangu, ajenge stoo. Nikamwambia wanakaribishwa hata leo.

Msimamo wangu unajulikana, nimeuandika gazetini mara nyingi. Moshi wa mle ulimharibu Mama macho. Papasi, wale kupe wa kwenye nyufa, walitutia homa sisi watoto. Anayeita hayo utamaduni nampa mkeka akalale. Mama aligoma kuhama mpaka alipofariki, mwaka wa tatu sasa. Tulibishana juu ya lile paa hadi wiki yake ya mwisho.

Jumamosi, 13 Julai
Saa nane nilikwenda kwenye tembe kutafuta gunia. Nimetoka chini ya bati nimelowa jasho. Nikainama mlangoni, nikaingia.

Baridi laini. Nikasimama. Kisha nikakasirika.

Nimeacha kipimajoto juu ya kinu cha Mama. Usiku lazima pale ndani pagande. Kesho nitakuwa na ushahidi.

Jumapili, 14 Julai
Alfajiri, kumi na tisa. Saa nane mchana, ishirini na mbili. Nikakigonga kipimajoto. Nikakirudisha kwangu: thelathini na moja. Ni kizima.

Jumanne, 16 Julai
Hakuna muujiza. Udongo wa paa ni mnene kama godoro. Jua linazama kabla joto halijafika ndani, na asubuhi inafika kabla baridi haijapenya. Haya nilisoma shuleni, nikafaulu mtihani, nikayaacha hukohuko.

Nilikuwa sahihi kuhusu moshi. Nilikuwa sahihi kuhusu papasi. Kuhusu paa Mama ndiye alikuwa sahihi, na hayupo nimwambie. Inauma.

Basi moshi umekwisha, pale hapawashwi moto tena. Papasi je? Nimefagia kutwa. Nimeziba nyufa kwa udongo na majivu, nikapaka chokaa. Kizimba kipo juu ya meza, na kila mguu wa meza umesimama kwenye kopo la maji ili mdudu asipande. Nyasi kavu tele. Nilichonunua ni chokaa tu. Jioni Spika na Mhariri wamehamia.

Alhamisi, 18 Julai
Spika anakula. Leo alinisikia nachuma mchicha nje, akapiga mluzi hadi Mama Neema akadhani naitwa.

Nilimpigia Elia nimwambie asije. Alicheka. Nikamwambia sitanii. Akatafuta makala yangu kwenye simu yake, akanisomea aya nzima, ile ya macho ya Mama.

"Dada, wewe ndiye ulinifundisha," akasema. Watu ameshawatafuta na mzigo wa alizeti unasubiri stoo.

Aya imeandikwa vizuri mno. Maisha yangu yote nimekuwa nikiwabadilisha watu mawazo. Sikuwahi kufikiri siku moja nitataka wayarudishe.

Ijumaa, 19 Julai
Nimeandika hoja. Mbovu zote. Nimewatandikia simbilisi.

Spika amekuwa mzito, anatembea kwa shida. Nikimrudisha chini ya bati nitampoteza, yeye na watoto. Naogopa.

Jumamosi, 20 Julai
Lori lilifika saa saba. Vijana wamebeba sururu. Elia kavaa koti, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, dada."

Nikaitikia. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa Mama na hotuba kichwani. Nikaiangalia ile sura, ya mtu niliyemshawishi mwenyewe, hotuba ikakatika.

"Ingia kwanza ukae," nikamwambia. "Ukitoka, bomoa."

Akainama, akaingia. Akakaa kwenye kigoda cha Mama. Vijana wakajibanza kwenye kivuli cha lori. Spika akapiga mluzi. Elia akauliza huyo nani. Nikamwambia ndiye mwenye nyumba. Akavua koti. Nikamletea uji, akanywa polepole, akijifuta shingo mpaka ikakauka.

"Kumbe ndiyo maana Mama hakutaka kutoka."

"Ndiyo."

"Na wewe kila siku unamwambia atoke."

"Nilikuwa naangalia moshi," nikasema. "Sikuangalia juu."

Elia akainuka. Akamchungulia Spika. Kisha akasema stoo itajengwa upande wa barabarani, hata lori litageuza vizuri, ila ile makala niifute. Nikamwambia makala haifutwi, inajibiwa. Nitaijibu mwenyewe, na nitajipiga vibaya.

Vijana hawakurudi bure. Wamechimba udongo kwa sururu zao, wakaupandisha kwenye paa, pale palipokuwa pameanza kuliwa na mvua.

Jumatano, 24 Julai
Watatu. Wamezaliwa na manyoya yao na macho wazi, na muda mfupi tu wanakimbia. Spika mzima. Mhariri nimemtenga asimpe mimba nyingine upesi, anasoma magazeti peke yake.

Mama Neema alikuja kuwaona. Hakuuliza nitawala lini. Aliomba mmoja wa kufuga wakishaacha kunyonya. Nikamwambia kwanza anioneshe paa lake.

Jumapili, 28 Julai
Upepo toka asubuhi. Nimehamishia kigoda karibu na kizimba, naandikia hapa. Watoto wamelala chini ya tumbo la mama yao. Harufu ya nyasi na chokaa.

Kipimajoto sijakiangalia. Sijui kiko wapi.

Leo sijagombana na mtu. Nilitafuta, sikupata.